Shahada ya Uzamili katika Biashara ya Mvinyo na Chakula: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa Karo

Tuseme kijana wa Kiamunyi amemaliza digrii ya kwanza. Amekaa nyumbani miaka miwili akifanya vibarua hapa na pale, na sasa amepata kwenye intaneti tangazo la shahada ya uzamili katika biashara ya mvinyo na chakula, ng'ambo. Anamwonyesha mama yake. Mama anasoma kiwango cha karo, ananyamaza kidogo, kisha anauliza: "Sasa mwanangu, hiyo ya mvinyo utaajiriwa na nani hapa Nakuru?"

Swali la mama ni la haki. Karo hiyo huenda ikatoka kwa ploti itakayouzwa, au kwa ng'ombe wa maziwa, au kwa mkopo wa chama. Pesa hizo zikishatoka hazirudi. Makala haya ya elimu kwa wakazi yanajaribu kulijibu swali hilo hatua kwa hatua: shahada hii ni nini, inafundisha nini, inasomwa wapi, na ni nani inayemfaa.

SHAHADA HII NI NINI?

Katika mfumo wa kitaifa wa viwango vya masomo, digrii ya kwanza iko ngazi ya 7, stashahada ya uzamili ngazi ya 8, shahada ya uzamili ngazi ya 9 na uzamifu ngazi ya 10. Kwa hivyo mtu hawezi kuruka kutoka kidato cha nne hadi masomo haya. Vyuo vingi hudai digrii ya kwanza ya daraja la pili la juu. Aliye na daraja la pili la chini mara nyingi huombwa kuonyesha uzoefu wa kazi.

Biashara ya mvinyo na chakula si somo la upishi, wala si somo la kuonja vinywaji. Ni somo la usimamizi. Mwanafunzi hujifunza jinsi zao linavyotoka shambani, likasindikwa, likapakiwa, likapewa jina na bei, na likamfikia mlaji likiwa salama na likiwa limemwachia kila mmoja njiani riziki yake. Mvinyo, au divai kama wengine wanavyouita, umewekwa mbele kwa sababu ni mfano mzuri wa zao ambalo thamani yake hutokana na mahali lilikotoka, ujuzi wa aliyelitengeneza na sifa ya jina lake. Kanuni hizo hizo hufaa asali, jibini, chai, kahawa, nyama ya kondoo na hata malenge.

Tahadhari moja kuhusu majina. Kuna cheo cha kimataifa kiitwacho Master of Wine, kinachotolewa na taasisi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1955. Ni cheo cha heshima kubwa katika biashara hiyo, lakini si shahada ya chuo kikuu. Vilevile kuna kozi za WSET, shirika lililoanzishwa London mwaka 1969, ambazo hutolewa kwa ngazi. Kozi hizo ni nzuri kwa mhudumu wa hoteli au mwagizaji wa mvinyo, lakini mwajiri anayetaka shahada ya uzamili hatazihesabu kuwa hivyo. Soma jina la cheti kwa makini.

YANAYOFUNDISHWA

Ratiba za vyuo hutofautiana, lakini mambo matano hayakosekani.

La kwanza ni zao lenyewe. Mwanafunzi hujifunza kwa nini udongo, mwinuko na mvua hubadilisha ladha. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi kali na kuamka majira ya kuchipua. Hapa kwetu karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza, kwa hivyo mkulima ndiye anayeupangia msimu kwa kuupogoa.

La pili ni usalama na ubora. Nchi hii imezika watu kwa sababu ya pombe iliyochanganywa na methanoli. Chakula nacho huua kikihifadhiwa vibaya, mfano mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Mhitimu anatarajiwa kujua kipimo, rekodi na alama ya ubora ya KEBS, na kwa nini kila pakiti huandikwa tarehe na namba ya kundi.

La tatu ni hesabu: gharama, bei, faida na mzunguko wa pesa.

La nne ni soko na jina la bidhaa. Kwa nini mtu alipe zaidi kwa chupa moja kuliko nyingine iliyo kando yake?

La tano ni sheria na kodi, kuanzia leseni hadi stempu za ushuru za KRA.

MFANO WA HESABU

Tuchukue mfano mdogo, na tutumie maziwa badala ya mvinyo, kwa kuwa wengi wetu tunayajua. Takwimu hizi ni za kufundishia tu. Weka zako mahali pake.

Kikundi kinanunua lita 100 za maziwa kwa shilingi 50 kila lita, yaani shilingi 5,000. Kinatengeneza mtindi na kupata chupa 190 za nusu lita. Chupa na lebo ni shilingi 12 kila moja, jumla 2,280. Sukari, kimea na ladha ni 1,500. Stima, gesi na maji ni 800. Vibarua wawili ni 1,400. Usafiri ni 600. Jumla yote ni shilingi 11,580, ambayo ni karibu shilingi 61 kwa chupa.

Kikundi kinauzia maduka kwa shilingi 75. Chupa zote 190 zikinunuliwa, mapato ni 14,250 na faida ni 2,670. Hapo wanachama wanapiga makofi.

Sasa tuseme chupa 20 zimerudishwa kwa kuwa friji ya duka ilizimika. Zilizouzwa ni 170, mapato ni 12,750, na faida imeshuka hadi 1,170. Chupa 36 zikirudi, mapato ni 11,550: faida yote imekwisha na kikundi kimeingia hasara ya shilingi 30. Chini ya chupa moja kati ya tano ndiyo tofauti kati ya biashara na hasara.

Kuna jambo la pili ambalo huangusha wengi. Tuseme supamaketi inalipa baada ya wiki nne, na kikundi kinatengeneza mara tatu kwa wiki. Kabla ya malipo ya kwanza kuingia, kikundi kitakuwa kimetengeneza mara 12, yaani kimetumia shilingi 138,960 kutoka mfukoni. Kikundi chenye faida kwenye karatasi kinaweza kufunga mlango kwa kukosa pesa za kununua maziwa ya kesho.

Katika mvinyo kusubiri huku ni kwa miaka. Mzabibu huchukua karibu miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana, na baada ya hapo mvinyo wenyewe huhitaji muda wa kukomaa. Ndiyo sababu somo la pesa huchukua nafasi kubwa katika shahada hii.

NAKURU NI DARASA

Hatuhitaji kwenda mbali kupata mifano.

Katika shamba la Morendat, Naivasha, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, Rift Valley Winery hukuza zabibu na kutengeneza mvinyo uitwao Leleshwa. Jina hilo ni la kichaka chenye majani ya kijivu na harufu nzuri ambacho kila mkazi wa Bonde la Ufa amekiona kando ya barabara. Hilo pekee ni somo la soko: badala ya kuiga jina la Kifaransa, waliotengeneza mvinyo huo waliupa jina la mahali unakotoka.

Naivasha hiyo hiyo ndiko kampuni ya Keroche ilikoanzia mwaka 1997, ikitengeneza mvinyo wa bei nafuu ulioongezewa nguvu. Ushuru wa mvinyo wa aina hiyo ulipopandishwa mwaka 2007, bidhaa hiyo ilipanda bei kuliko uwezo wa wateja wake, na kampuni ikalazimika kugeukia bidhaa nyingine, ikiwemo bia. Funzo ni kwamba mstari mmoja katika bajeti ya taifa unaweza kubadilisha kiwanda kizima. Anayesoma biashara hii bila kusoma sheria za kodi amesoma nusu.

Upande wa chakula, shirika la kimataifa la Slow Food, lililoanzishwa nchini Italia, limeorodhesha miongoni mwa vyakula vya kulindwa malenge ya Lare, kondoo wa Molo na kiwavi kilichokaushwa cha msitu wa Mau, yaani ule mmea unaowasha ambao wengi wetu huuita thabai. Vyote ni vya kaunti hii. Vyakula tunavyovipitia sokoni bila kugeuka vina watu wanaovithamini upande wa pili wa dunia. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuviunganisha na soko kwa bei inayomfaa mkulima.

Jirani zetu wa Dodoma, Tanzania, nao wana la kutufunza. Huko zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kuna kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora. Hata hivyo, tatizo la miaka mingi la wakulima wengi wa huko halijakuwa kukuza zabibu. Limekuwa kupata mnunuzi wakati mavuno yote yanapoiva kwa pamoja. Wataalamu wa kilimo walikuwepo; pengo lilikuwa la viwanda, mikataba na soko. Pengo la namna hiyo ndilo shahada hii inakusudia kuliziba.

MAHALI PA KUSOMEA

Karibu na nyumbani. Mkazi wa Kiamunyi anaishi kati ya vyuo vikuu viwili. Ukifuata barabara ya Eldama Ravine unafika Chuo Kikuu cha Kabarak, kilichopata hati yake mwaka 2008 na kinachofundisha usimamizi wa biashara katika ngazi ya uzamili. Upande wa Njoro kuna Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Egerton ina masomo ya uzamili katika uchumi wa kilimo, usimamizi wa biashara za kilimo na sayansi ya chakula, na ina Taasisi ya Maziwa ya Guildford ambako usindikaji hufanywa kwa vitendo. Cheti chako hakitakuwa na neno "mvinyo", lakini unaweza kuandika tasnifu yako kuhusu zabibu za Naivasha, malenge ya Lare au maziwa ya Rongai. Unalala nyumbani na unaweza kuendelea na kazi.

Barani Afrika. Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, kina idara ya kilimo cha zabibu na utengenezaji wa mvinyo yenye historia ndefu, na kimezungukwa na mashamba yenyewe.

Ng'ambo. Nchini Ufaransa, KEDGE iliyoko Bordeaux na Burgundy School of Business iliyoko Dijon hutoa shahada za biashara ya mvinyo, na baadhi hufundishwa kwa Kiingereza. Nchini Marekani kuna Sonoma State University huko California. Kwa chakula kwa upana wake, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi za Chakula cha Pollenzo, Italia, kilichofunguliwa mwaka 2004 kwa juhudi za Slow Food. Karo ya baadhi ya shule hizi inaweza kuzidi euro 10,000, kabla ya kodi ya nyumba, chakula, bima na nauli.

Ufadhili. Usianze na kuuza ploti. Umoja wa Ulaya hufadhili wanafunzi kupitia mpango wa Erasmus Mundus. Mojawapo ya shahada zake, WINTOUR, inahusu utalii wa mvinyo na husomwa Tarragona, Bordeaux na Porto. Ubalozi wa Ufaransa mjini Nairobi pia hutoa ufadhili wa masomo. Kwa wanaosoma nchini, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, huwa na mikopo ya uzamili. Nafasi ni chache na tarehe za mwisho hupita haraka, kwa hivyo anza kuandaa stakabadhi mwaka mmoja mapema.

MFANO WA MTU MMOJA

Edward Mukiibi ni Mganda, mtaalamu wa kilimo aliyesoma Chuo Kikuu cha Makerere. Alianza kwa kufanya kazi na wanafunzi wa shule kwenye bustani za chakula, na baadaye akapata shahada ya uzamili Pollenzo. Mwaka 2022 alichaguliwa rais wa Slow Food duniani, akimrithi mwanzilishi wake, Carlo Petrini.

Tazama mpangilio. Kazi ya shambani ilitangulia, shahada ikafuata. Alipoingia darasani Italia tayari alikuwa na swali la kwao alilotaka kulijibu. Shahada haikumpa kazi. Iliikuza kazi aliyokuwa nayo. Si lazima kila mtu apite njia hiyo, lakini anayeanza na cheti kisha akatafute la kukifanyia huwa na safari ngumu zaidi.

KABLA YA KULIPA: HATUA SITA

1. Hakikisha chuo kimeidhinishwa. Kwa vyuo vya nchini, orodha iko kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Kwa chuo cha nje, uliza kama kinatambuliwa na serikali ya nchi yake, kisha uulize CUE utaratibu wa kutambuliwa kwa shahada yake hapa nchini. Uliza kabla ya kusafiri, si baada ya kurudi.

2. Usimlipe wakala pesa za karo. Karo hulipwa kwenye akaunti ya chuo chenyewe. Anayekuambia nafasi itafungwa leo jioni usipomtumia pesa kwa simu, mwache aende.

3. Piga hesabu ya gharama nzima: karo, makazi, viza, bima, nauli, na mshahara utakaokosa ukiwa masomoni. Andika jumla kwenye karatasi na uionyeshe familia.

4. Zungumza na watu watatu walio kwenye kazi unayoitaka: meneja wa hoteli, msindikaji wa maziwa, mnunuzi wa supamaketi. Waulize wangemwajiri mtu wa aina gani, na kama shahada hii ingebadilisha uamuzi wao.

5. Jaribu kidogo kwanza. Miezi sita katika kiwanda cha chakula au chama cha ushirika itakuonyesha kama kazi yenyewe unaipenda.

6. Andika sentensi moja inayoeleza tatizo unalotaka kulitatua. Ukishindwa kuiandika, muda wa kulipa bado.

SHERIA YA VINYWAJI

Kwa kuwa somo hili linagusa pombe, wakazi wakumbuke yafuatayo. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na inataka maduka ya pombe yawe angalau mita 300 kutoka shule za watoto. Chini ya Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za pombe ni jukumu la serikali za kaunti. Kutengeneza mvinyo wa matunda au muratina nyumbani na kuuza bila leseni na bila vipimo vya ubora ni kosa, hata kama aliyetengeneza ana shahada ya chuo chochote duniani.

Na kwa familia ambazo hazitaki kuhusika na pombe kwa sababu ya dini au msimamo wao, njia haijafungwa. Karibu yote yanayofundishwa hapa yanafaa biashara ya vyakula visivyo na kileo.

JIBU KWA MAMA

Turudi kwa mama wa Kiamunyi. Hapa Nakuru walioajiri watu kwa kazi ya mvinyo peke yake ni wachache, na kijana anayesoma kwa matumaini ya kazi hizo tu anajibana. Lakini maziwa, viazi, mboga, asali, hoteli za Naivasha na wageni wa mbuga zetu ni vingi, na vyote vinahitaji mtu anayejua gharama, ubora, sheria na soko. Kwa wengi wetu, shahada ya biashara ya kilimo au sayansi ya chakula katika chuo kilicho umbali wa nauli ya matatu, pamoja na kozi fupi ya kujazia, itatosha. Ya ng'ambo inafaa zaidi kwa aliyepata ufadhili na aliye na tatizo mahususi la kwenda kulisomea. Na kwa asiye na digrii ya kwanza, vyuo vya ufundi vya kaunti vina mafunzo ya chakula yasiyohitaji kusubiri.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Shahada ya uzamili iko ngazi ya ngapi, na inatofautianaje na cheo cha Master of Wine?

2. Katika mfano wa mtindi, faida ingekuwa ngapi kama chupa 10 zingerudishwa? (Jibu: chupa 180 kwa shilingi 75 ni 13,500, toa 11,580, faida ni shilingi 1,920.)

3. Taja chakula kimoja cha wadi yako ambacho kina ladha au sifa isiyopatikana kwingine. Nani anakinunua sasa, na kwa bei gani?

Swali la tatu halina jibu kwenye makala haya. Jibu liko sokoni, na yeyote anayefikiria masomo haya anaweza kuanza kulitafuta Jumamosi hii, bila kulipa karo yoyote.